Je, Wajua? Hazina Zilizozikwa Ndani ya Vitabu

Bibi yangu alikuwa na sheria moja usiku wa vitendawili: jibu halitolewi bure. Alitega, tukahangaika, tukataja kila kitu kilichokuwamo jikoni, na tulipokwama kabisa alinyoosha mkono kama anayedai deni: “Nipeni mji.” Mmoja alimpa Tanga, mwingine Mombasa. Akiukataa mji mdogo, tulimwongezea mkubwa. Alijisifu kidogo juu ya mji wake mpya, ndipo akatufumbulia.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma habari za michezo ya televisheni ya kusaka hazina, pamoja na vitabu vinavyokwenda nayo bega kwa bega. Nikakuta mchezo uleule wa bibi: fumbo hutegwa, na jibu lake ni mji. Tofauti ni kwamba kule mji wenyewe ndio unaotafutwa, na chini ya udongo wake pana dhahabu.

Haya hapa mambo 13 niliyoyakusanya. Yasome kwa mpangilio wake. Mpangilio nao una kazi.

1. Studio huku, helikopta kule

Tarehe 28 Desemba 1982, Channel 4 ya Uingereza ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili hewani ilipoanza kuonyesha Treasure Hunt. Washiriki wawili walikaa studioni, wamezungukwa na ramani na rafu za vitabu. Mbali nao, angani juu ya mashamba, alikuwamo mkimbiaji wao, Anneka Rice, ndani ya helikopta, amevaa suti ya kipande kimoja, redio masikioni. Vidokezo vilikuwa vitano, muda dakika 45, zawadi pauni 1,000.

Utamu wa mchezo ulikuwa hapa: washiriki walimsikia Anneka, lakini hawakumwona. Mtazamaji nyumbani alimwona akikipita mbio kibao chenye jina linalotafutwa, akatamani kupiga kelele. Studioni hawakuwa na lolote ila sauti yake inayohema, ramani na kitabu. Ilibidi wasome haraka, wamwambie akate wapi, apande mnara gani, amuulize nani.

Je, wajua pia kwamba mtangazaji aliyekaa nao studioni, Kenneth Kendall, ndiye aliyekuwa msomaji habari wa kwanza wa BBC kuonekana sura kwenye skrini? Hiyo ilikuwa mwaka 1955. Kabla yake taarifa ilisomwa na sauti isiyo na uso.

2. Ordnance Survey: ramani za vita zikawa za mchezo

Anayesaka hazina Uingereza lazima atakutana na ramani za Ordnance Survey. Je, wajua kwamba ramani hizo asili yake ni hofu? Shirika hilo huhesabu umri wake tangu mwaka 1791, enzi ambazo serikali ilihofia kuvamiwa na Wafaransa. Jeshi lilitaka kujua kila kilima, kila kijito na kila njia ya pwani ya kusini. Ramani ya kwanza iliyochapishwa, mwaka 1801, ilikuwa ya Kent, mkoa unaotazamana na Ufaransa ng’ambo ya mlango wa bahari.

Karibu miaka 200 baadaye, Waingereza walizitumia ramani za namna hiyo kumwongoza binti aliyevaa suti ya rangi kuelekea kanisa fulani kijijini. Na mchezo wenyewe waliupata kwa Wafaransa walewale.

3. Mfaransa aliyeanzisha yote

Jina lake Jacques Antoine. Mwaka 1981 kipindi chake, La Chasse aux trésors, kilianza kuonyeshwa kwenye chaneli ya Antenne 2. Utaratibu ulikuwa huohuo ambao Waingereza waliuazima mwaka uliofuata: washiriki wako Paris na vitabu vyao, na mkimbiaji yuko na helikopta katika nchi ya mbali.

Antoine alilirudia wazo hilo mara nyingi bila kulichosha. Mwaka 1996 alileta La Carte aux trésors, ambamo washiriki wenyewe walipanda helikopta na kusaka katika mikoa ya Ufaransa. Watazamaji walijifunza jiografia ya nchi yao bila kujua kwamba wako darasani. Alifariki mwaka 2012, mwaka uleule alipofariki Kenneth Kendall.

4. Angani hadi maporomoko ya Inga

Mkimbiaji wa Kifaransa alikuwa Philippe de Dieuleveult, mtu aliyependwa na watoto wa nchi nzima. Alishuka kwenye helikopta, akauliza wenyeji njia, akachanika nguo, akacheka, akakimbia tena.

Agosti 1985, akiwa na umri wa miaka 34, alikuwa kwenye msafara wa maboti ya mpira katika mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire. Ni mto uleule ambao wasemaji wa Kiswahili wa Kindu wanauita Lualaba. Baada ya Kisangani una subira. Lakini chini ya Kinshasa, karibu na Inga, maji yake huporomoka karibu mita 100 katika mwendo mfupi, na kwa wastani hupita zaidi ya mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Hapo ndipo watu saba wa msafara ule walipotoweka, yeye akiwa mmoja wao. Mjadala wa nini hasa kiliwapata uliendelea Ufaransa kwa miaka mingi.

Namtaja kwa heshima. Mtu huyu alifanya mamilioni ya watu wafungue ramani ya dunia Jumapili jioni, na mto wetu mkubwa ndio ulioufunga ukurasa wake.

5. Kisiwa kilianza na ramani

Muda mrefu kabla ya televisheni, hazina ilisakwa ndani ya riwaya. Robert Louis Stevenson hakuanza na hadithi. Mwaka 1881, akiwa Braemar huko Uskoti, mvua ikiwa imewafungia ndani, alikuwa akichezea rangi pamoja na mtoto wa mkewe. Akachora kisiwa. Akakipa vilima, ghuba na majina. Kisha, akiitazama ramani ile, akaanza kuwaona watu wakitokeza baina ya miti, na Treasure Island ikazaliwa.

Je, wajua kwamba ramani hiyo ya kwanza ilipotea? Aliituma kwa mchapishaji pamoja na muswada, haikuonekana tena. Ilimbidi aisome upya riwaya yake mwenyewe, akichukua vipimo kutoka kwenye sentensi, ndipo achore nyingine. Ramani ilizaa kitabu, kisha kitabu kikazaa ramani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki waliipata kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1920.

6. Wino wa damu

Johnson huyohuyo alishiriki kuleta Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu ambacho babu zetu wengi walikisoma shuleni. Ndani yake mna Mreno anayekufa kwa njaa na baridi mlimani, ambaye anachora ramani ya hazina kwenye kipande cha nguo yake, na wino wake ni damu.

Vitabu hivi viwili ni ndugu. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa Mashimo, Rider Haggard, aliwekeana dau la shilingi tano na nduguye, kwamba anaweza kuandika kitabu kisichopitwa na kile cha Stevenson. Mashimo kilitoka mwaka 1885, miaka miwili tu baada ya Treasure Island kutoka kama kitabu.

Hata hivyo msomaji wa vitabu hivi alibaki mtazamaji. Wengine walichimba, yeye akafunua kurasa. Ilichukua karibu karne nzima mtu mwingine kumkabidhi msomaji jembe.

7. Agosti 1979: sungura azikwa

Mchoraji Kit Williams aliombwa na mchapishaji Tom Maschler atengeneze kitabu cha picha ambacho hakijapata kufanywa na mtu. Williams alitafakari jambo linalowaumiza wachoraji wote: watu hufunua picha upesi, hawazitazami. Afanye nini ili wazitazame kwa dakika, kwa saa, kwa miezi?

Akatengeneza sungura wa dhahabu ya karati 18, mwenye vito. Akamtia ndani ya chombo cha udongo wa kufinyanga ili vitambuzi vya chuma visimpate kirahisi, akaenda kumzika usiku. Shahidi wake alikuwa Bamber Gascoigne, mtangazaji aliyeendesha mashindano ya maswali ya University Challenge kwenye televisheni tangu 1962 hadi 1987. Kisha kikatoka kitabu, Masquerade, chenye picha 15. Mahali pa sungura palifichwa ndani ya picha hizo. Nakala zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Kwetu, sungura wa ngano humshinda fisi na simba kwa akili. Huyu wa Williams alikaa shimoni kimya, akaisumbua Uingereza nzima.

8. Mstari kutoka jicho hadi herufi

Hebu tukisogelee kitabu chenyewe. Kila picha imezungukwa na fremu ya maneno. Ndani ya fremu wamo watu na wanyama. Chukua rula. Anza kwenye jicho la kushoto la kiumbe, vuta mstari upite kwenye kidole kirefu kuliko vyote cha mkono wa kushoto, uende mpaka kwenye fremu. Mstari utaangukia herufi. Rudia kutoka jicho hilohilo kupitia kidole kirefu cha mguu wa kushoto. Kisha fanya hivyo upande wa kulia. Herufi hizo hujenga neno, au maneno machache, kwa kila picha.

Sasa panga matokeo ya picha zote 15 kutoka juu kwenda chini, usome herufi ya kwanza tu ya kila moja. Utapata maneno ya Kiingereza CLOSE BY AMPTHILL, yaani karibu na Ampthill. Hesabu: picha 15, herufi 15. Jibu la kitendawili likawa mji, kama kwa bibi.

Maneno marefu zaidi yalieleza palipo shimo: pale ncha ya kivuli cha msalaba wa Catherine wa Aragon inapogusa nyasi adhuhuri, siku ambayo mchana na usiku hulingana. Msalaba huo umo katika bustani ya Ampthill, ambako malkia huyo aliishi wakati Mfalme Henry VIII akimwacha.

Fumbo hili lisingetegeka kwetu. Simamisha msalaba huo Nanyuki, kwenye mstari wa ikweta, uutazame adhuhuri ya siku hiyo: jua liko utosini, na kivuli hakipo.

9. Aliyechimba bila kusoma

Mwaka 1982 Williams alipokea mchoro wa mahali penyewe kutoka kwa mtu aliyetumia jina bandia. Sungura akachimbuliwa, mshindi akatangazwa. Muda mfupi baadaye ikafika barua ya walimu wawili wa fizikia waliofumbua kitabu chote kwa njia sahihi, picha kwa picha. Walikuwa wamekwenda Ampthill na kuchimba. Yaelekea chombo cha udongo kilitoka pamoja na koleo zao, kikalala kwenye rundo la mchanga bila wao kukitambua.

Desemba 1988 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba yule “mshindi” hakuwa amefumbua kitu. Alipata fununu kupitia mtu aliyewahi kuwa karibu na mchoraji, akajua eneo bila kukisumbukia kitabu. Mwezi huohuo sungura akauzwa kwenye mnada wa Sotheby’s kwa pauni 31,900.

Kila nikiikumbuka habari hii nawaza wale walimu wawili. Dhahabu haikuwafikia, lakini hakuna awezaye kuwapokonya ile saa ambayo herufi ya mwisho iliangukia mahali pake.

10. Kibao kisemacho: hayupo hapa

Kuna mahali Gloucestershire paitwapo Haresfield Beacon. Ndani ya jina hilo mna neno la Kiingereza la sungura, na hilo liliwatosha watu wengi kubeba majembe. Walichimba na kuchimba, mpaka Kit Williams akalipia kibao cha kuwaarifu kwamba sungura hakuzikwa hapo.

Bamber Gascoigne, yule shahidi, aliandika mambo haya kwenye kitabu chake cha mwaka 1983, Quest for the Golden Hare. Alipitia barua ambazo wasakaji walimwandikia Williams, akaona jinsi akili ya binadamu inavyoweza kuona alama mahali popote. Mtu akitamani sana kuona mshale, hata ufa wa ukuta utamwonyesha njia.

Hiki ndicho kitabu kinachokwenda na mchezo bega kwa bega, kwa maana yake bora. Mchezo wenyewe ukiisha, hubaki matokeo tu. Kitabu hubaki na safari, pamoja na waliopotea njiani.

11. Ilichukua miaka 31 kumpata bundi

Ufaransa nayo ilikuwa na zamu yake. Aprili 1993 mwandishi aliyejiita Max Valentin alizika bundi mahali fulani nchini humo, na mwezi uliofuata kikatoka kitabu chenye mafumbo 11 na picha za Michel Becker. Shimoni mlikuwa na bundi wa shaba tu. Mshindi angemleta, apewe yule wa dhahabu na fedha. Valentin alifariki mwaka 2009 bila kumwona mshindi. Tarehe 3 Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba bundi amechimbuliwa.

Marekani kuna hadithi inayounganisha kitabu na televisheni moja kwa moja. Mwaka 1982 mwandishi Byron Preiss alitoa kitabu cha The Secret, chenye picha 12 na beti 12, kwa masanduku 12 aliyoyazika katika miji mbalimbali. La kwanza lilipatikana Chicago mwaka 1983, la pili Cleveland mwaka 2004. Preiss alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2005. Kisha kipindi cha Expedition Unknown kikalikumbusha taifa kitabu hicho, na mwaka 2019 familia moja ya Boston ikawezesha sanduku la tatu kutolewa kwenye uwanja wa mchezo uliokuwa ukikarabatiwa, kamera zikiwapo. Kitabu kilikuwa kimengoja miaka 37.

12. Ngome ya vitendawili

Kati ya visiwa vya Aix na Oléron, pwani ya magharibi ya Ufaransa, imesimama ngome ya mawe katikati ya maji. Kazi ya kuijenga ilianza zama za Napoleon na kukamilika mwaka 1857, wakati mizinga tayari ilikuwa inapiga mbali kiasi kwamba ngome haikuhitajika tena. La Chasse aux trésors iliwahi kufika hapo, na mwaka 1990 Jacques Antoine akaifanya makao ya mchezo mpya, Fort Boyard.

Juu ya mnara wake hukaa mzee mwenye ndevu nyeupe, Père Fouras. Kazi yake ni kutega vitendawili. Ukijibu, unapata ufunguo. Ukishindwa, ufunguo huishia baharini. Mwishoni washiriki husimama juu ya herufi zilizochorwa sakafuni, katika chumba ambamo chui milia walikuwamo muda mfupi uliopita, wajenge neno moja la siri. Neno likiwa sahihi, sarafu humwagika. Likikosewa herufi moja, hakuna kitu.

Waingereza walitaka ngome yao, wakaishia na mchezo wao wa televisheni, The Crystal Maze, ulioanza mwaka huohuo wa 1990. Mwaka uliofuata waandishi Dave Morris na Jamie Thomson wakauandikia kitabu ambacho msomaji ndiye mchezaji: unachagua mlango, unafungua sehemu yenye namba hiyo, na uamuzi wako unakupeleka mbele au unakufungia ndani. Hakuna saa inayokimbizana nawe. Ukitaka kuwaza mpaka kesho, kitabu kitakungoja.

13. Iliyobaki ni yako

Je, wajua kwamba unaweza kutengeneza mchezo huu leo, bila helikopta? Tafuta nakala mbili za kitabu kimoja, toleo lilelile. Andika namba tatu tatu: ukurasa, mstari, neno. Kwa mfano, 14-3-5 ni neno la tano la mstari wa tatu katika ukurasa wa 14. Unga sentensi ya maneno kumi inayoelekeza mahali fulani nyumbani, uzike hapo kitu kidogo, pipi au shilingi, kisha mpe mtoto nakala ya pili na orodha ya namba. Usimsaidie upesi. Mwache ahesabu mistari kwa kidole, akosee, arudie. Nimeujaribu mchezo huu na watoto wa dada yangu. Shilingi waliisahau kabla ya magharibi. Kitabu walikwenda nacho kulala.

Na mimi nimezika kitu. Ndani ya makala haya mna maneno matatu ambayo sikuyaandika popote, nayo ndiyo ushauri ambao wale walimu wawili wa fizikia, mzee wa mnarani na bibi yangu wangekupa kwa kauli moja. Yamekaa palepale Kit Williams alipouficha mji wake. Chukua kalamu, rudi kwenye vichwa vidogo, uvishushe kimoja kimoja kutoka cha kwanza hadi cha 13.

Ukishindwa, nipe mji.